Mpaka Uweke Kijiko Chini

Mgeni alipanda ngazi za kibaraza Jumatano asubuhi, Verlie Rochon akiwa amebana pini tatu midomoni na gauni la zambarau limemlalia magotini. Alikuwa Mzungu wa miaka kama sitini, mwenye koti la buluu lenye vifungo vya dhahabu na viatu visivyojua matope ya Wadi ya Saba. Verlie alitema pini kiganjani. Tangu kimbunga cha Septemba walikuwa wanamngoja mtu wa bima.

"Hatimaye," alisema. "Nilishadhani mmetufuta kwenye orodha. Njoo huku nyuma uone kwa macho yako, maana kwenye simu hamwamini kitu."

Hakumpa nafasi ya kujibu. Alimpitisha ubavuni mwa nyumba, akamwonyesha turubai la buluu lililofunika nusu ya paa, kisha akamwingiza chumbani kumwonyesha doa la dari, beseni lililowekwa juu ya kabati, na suti ya kijivu ya mumewe iliyoota ukungu begani. Mgeni aliangalia kila alichoonyeshwa. Mara mbili alifungua mdomo, na mara mbili Verlie akamkatiza.

"Na usije ukaniambia ni mafuriko. Haya maji yalitoka juu. Mafuriko hamlipi, upepo mnalipa. Karatasi yenu nimeisoma yote, mpaka yale maandishi madogo ya chini."

"Bi Rochon," mgeni alisema kwa upole, "paa lenu limeumia kweli. Lakini mimi nilikuja kumtafuta Ovide."

Ovide alitokea jikoni, kikombe mkononi. Alipomwona mgeni, mgongo wake ulinyooka wenyewe. Alikiweka kikombe juu ya friji kana kwamba ni aibu kuonekana nacho.

"Mama Solange," alimwambia mkewe, "huyu si mtu wa bima. Huyu ni Bwana Prescott Whitcombe. Meza namba nne."

Walirudi kibarazani. Kulikuwa na viti vitatu. Prescott alikaa, Verlie akakaa na gauni lake, naye Ovide akabaki amesimama.

Kwa miaka thelathini na minane Ovide Rochon alikuwa mhudumu katika mkahawa wa Duvigneaud, mahali ambapo mteja haji kula tu. Ana mhudumu wake. Humtaja kwa jina mlangoni, na akifa, watoto wake humrithi mhudumu huyo pamoja na vijiko vya fedha. Ovide alikuwa na familia kama thelathini. Mwezi wa Januari wamiliki wapya waliwaandikia barua wahudumu sita wazee, wakawashukuru, na familia zao zikagawanywa kwa vijana. Hakupewa hata siku ya kuaga meza zake.

"Mama hali chakula," Prescott alisema. "Ijumaa zote tangu Januari anavaa, anapaka rangi ya mdomo, tunampeleka. Anakaa, anauliza, Ovide yuko wapi? Wanamletea mwingine. Anamwambia asante, nitamngoja Ovide. Basi anangoja. Saa mbili nzima, mpaka tunamrudisha na njaa yake."

"Hata supu ya kasa?"

"Hata hiyo."

"Wanamletea kwenye bakuli la moto?" Ovide aliuliza haraka. "Hataki bakuli la moto, linamchoma vidole. Na ile sheri, divai ya kutia kwenye supu, asimwagiwe, aachiwe chupa amwage mwenyewe. Mmewaambia?"

"Nitawaambia nini, Ovide? Mimi mwenyewe sikujua." Prescott alipangusa uso. "Ijumaa hii anatimiza miaka tisini na miwili. Nimezungumza na meneja. Ukikubali, utarudishiwa meza namba nne. Ijumaa hii, na mambo yakienda vizuri, kila Ijumaa mchana. Mshahara wako wa zamani, na bahshishi unaijua."

Ijumaa mchana. Tangu Januari alikuwa anaamka saa kumi na moja bila sababu, anapiga pasi mashati ambayo hakuna anayeyaona, anazunguka nyumba akinyoosha vitu vilivyokwisha kunyooka. Alimtazama mkewe. Verlie alikuwa anashona pindo, macho hayatoki kwenye sindano.

"Ijumaa hii," Ovide alisema.

"Ijumaa hii, ndiyo."

"Nitakupigia simu, Bwana Prescott."

Gari lilipoondoka, Verlie alikata uzi kwa meno.

"Umemwona alivyokaa?"

"Nani?"

"Yeye amekaa. Mimi nimekaa. Viti vitatu, na wewe mwenye nyumba umesimama nyuma ya bega lake la kushoto, mikono mgongoni. Ilibaki umtajie samaki wa leo."

"Ni mazoea tu, Verlie."

"Nayajua. Nimeolewa nayo."

*

Kadi ilikuwa imebandikwa kwenye friji kwa sumaku yenye umbo la kamba wa baharini. Wenzake Ovide walichanga wakamnunulia siku alipoondoka: chakula cha mchana kwa watu wawili, vinywaji mbali, mwisho wake Jumamosi hii. Baada ya hapo ingekuwa karatasi ya kuwekea kikombe. Ijumaa ndiyo siku pekee waliyopata meza, na gauni la zambarau lilikuwa la siku hiyo.

Katika miaka yote ile Verlie hakuwahi kukaa ndani ya Duvigneaud. Zamani nyumba ilikuwa na sheria kwamba mfanyakazi haleti jamaa zake kula. Sheria ilipofutwa, Ovide alikuwa kazini kila siku ambayo watu hupelekwa kula: Pasaka, Siku ya Mama, Ijumaa zote. Ndoa yao ilikuwa na miaka thelathini na sita, na sikukuu zake zote Ovide alizitumia kuwapelekea wanawake wengine keki yenye mshumaa. Alichomletea Verlie ni mkate uliobaki, ambao wahudumu waliruhusiwa kuondoka nao, na habari. Mkate Verlie aliutengenezea pudini. Habari alizihifadhi. Alijua kaa wa ganda laini anavyokaa juu ya siagi na lozi, alijua viazi vinavyofura kama mapovu, alijua nani ameachika kwenye meza gani. Alikuwa ameula mkahawa ule kwa masikio.

Alhamisi binti yao Solange, aliyekuwa akiishi upande wa pili wa nyumba hiyohiyo, alikuja na sufuria ya gambo, ule mchuzi mzito wa unga uliokaangwa, isiyo na nyama kwa ajili ya Kwaresima. Alikuwa ameshasikia yote. Ukuta kati yao ulikuwa wa mbao.

"Mimi naona hakuna cha kujadili," alisema akipakua wali. "Wanakurudishia kazi, baba. Kadi si kitu. Nitampeleka mama mwenyewe mwezi ujao, nikipata zamu za ziada."

"Mwezi ujao," Verlie alisema.

"Ndiyo, mama. Kwani chakula kitakimbia?"

"Chakula hakijawahi kukimbia. Baba yako ndiye anayekimbia nacho."

Solange alicheka, kisha akaona kwamba mama yake hacheki. "Mama, mvua ikinyesha wiki ijayo utalala na beseni. Kwa pesa za Ijumaa nne tu, mafundi wanaanza paa."

"Sijasema kitu," Verlie alijibu. "Mmenisikia nikisema kitu?"

Aliondoka mezani. Walimsikia akifungua kabati, kisha mlio wa hanga ukiteleza kwenye chuma. Ovide alikwenda akasimama mlangoni. Gauni la zambarau lilikuwa limerudishwa nyuma kabisa, karibu na ukuta, mahali pa nguo za msiba.

Alitoka uani akampigia Prescott.

"Siwezi kuhudumu kesho, Bwana Prescott. Nitakuwa palepale, lakini kama mteja. Nampeleka mke wangu."

"Lakini hilo ni jema zaidi," Prescott alisema. "Utakuwepo. Basi kahawa tu, Ovide. Ile unayoiwasha moto mbele ya mteja. Mwisho wa chakula, dakika tano. Mama akiona mikono yako atakula, hata kama ni keki. Nami nitamwambia meneja kwamba umekubali, Ijumaa zako zimerudi."

Mti wa mlimau uliangusha jani kwenye turubai. Ovide alilitazama.

"Tutaona, Bwana Prescott."

"Asante. Nilijua."

Kwa miaka thelathini na minane hakuwahi kumwambia mteja hapana. Alisema tutaona, na wote wawili walijua maana yake ni ndiyo.

Alipoingia ndani Verlie alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Umemkatalia?"

"Nimemwambia sitahudumu."

"Kweli?"

"Kweli."

Verlie alimpima kwa macho. "Basi nisikilize. Sitaki maua, sitaki mtu aniimbie. Nataka kitu kimoja. Ukikaa, ukae. Usiinuke kumsaidia Junius wetu na sahani zake. Usiinuke kwa sababu mtu amekosa siagi. Nataka kula chakula kizima na mtu mbele yangu. Usiinuke mpaka niweke kijiko chini."

"Naahidi."

"Kijiko cha pudini, Ovide. Si cha supu."

"Cha pudini," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu jana wakacheka wote wawili. Gauni lilirudi mbele ya kabati. Ovide alijua angepaswa kusema habari ya kahawa wakati huo, na akapitisha wakati huo.

*

Suti ya kijivu haikuokoka ukungu, kwa hiyo Ovide alivaa koti lake jeusi la kazi. Verlie aliondoa tai ya kipepeo akamfunga tai ndefu ya zambarau, aliyoishona kwa kitambaa kilichobaki cha gauni.

"Sasa nani atakudhania mhudumu?" alisema.

Binti wa mlangoni, mgeni kazini, alimdhania. "Wahudumu wa ziada wanaingilia mlango wa pembeni, mzee," alisema bila ubaya, akinyoosha kidole.

"Tumekuja kula, mwanangu," Verlie alimwambia. "Rochon. Watu wawili, saa sita na nusu."

Binti aliona haya mpaka shingoni. Aliwatembeza katikati ya ukumbi uliojaa kelele za Ijumaa, vicheko, kofia, vizibo vya chupa vikifyatuka, mpaka kwenye meza ndogo kati ya mlango wa jikoni na kabati la vyombo. Ovide aliitambua kabla hawajafika.

"Ni meza nzuri?" Verlie aliuliza wakishakaa.

"Iko karibu na jikoni. Chakula kinafika kingali moto."

Verlie alihesabu meza kwa macho, polepole, kuanzia dirishani. "Kumi na tisa," alisema. "Uliniambia habari zake. Ya watu wasiojulikana."

"Verlie."

"Mimi nimeipenda. Leo tujulikane."

Junius alitoka jikoni akasimama ghafla. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Ovide ndiye aliyemshika kwenye ubatizo na ndiye aliyemfundisha kubeba sahani nne. "Baba. Mama," alisema. "Karibuni. Nimepigania meza nyingine, wamekataa."

"Wewe leta mkate," Verlie alisema. "Huo naujua. Nataka kuukuta ungali mzima."

Ovide alikaa kama mtu aliyekalia kiti cha daktari wa meno. Aligundua kwamba hajui pa kuweka mikono. Ukumbi aliokuwa ameuona akiwa amesimama maisha yake yote ulikuwa umepanda. Sasa aliona matumbo ya watu, upande wa chini wa sinia, mafundo ya aproni. Kwenye meza namba saba glasi ya maji ilikuwa tupu. Kwenye namba kumi na moja mtu alikuwa amemaliza samaki na hakuna aliyeondoa sahani. Uma ulikuwa umeanguka sakafuni hatua mbili kutoka kwenye kiatu chake, na wahudumu watatu wakaupita.

"Unatazama nini?"

"Hakuna."

"Nitazame mimi basi. Nimesuka nywele kwa saa tatu nzima."

Alimtazama. Alikuwa mzuri. Alikuwa ameketi wima, pochi mapajani, akitazama kila kitu kama mtu aliyerudi mji aliozaliwa na kukuta mambo yako kama alivyoambiwa. Viazi vilipofika alikibonyeza kimoja kwa kidole, kikatoa hewa, akacheka peke yake. Chaza walikuja dazeni moja na watatu juu. "Jikoni wamekosea kuhesabu," Junius alisema, akitazama dari. Ukiacha pudini, Verlie aliagiza vile tu asivyopika nyumbani. Hata hivyo alionja gambo ya Ovide kwa ncha ya kijiko.

"Wameuharakisha unga," alitoa hukumu. "Haujakubali kuwa mweusi. Mpishi ana mambo mengine anayafikiria."

"Usimwambie Junius."

"Kwani Junius ndiye mpishi? Ila nitamwambia."

Katika meza namba nne, katikati ya ukumbi, Bi Lenore Whitcombe alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu na lulu zake, amewapa mgongo nusu. Jamaa kumi walimzunguka. Mbele yake supu ilikuwa ikipoa. Ovide aliona kwamba wameileta kwenye bakuli la moto. Goti lake lilianza kucheza chini ya meza.

Mwanamume wa meza ya jirani aliinua kidole. "Samahani, barafu kidogo huku."

Ovide alikuwa ameshanyanyuka nusu ya kiti kabla hajajua. Kiatu cha Verlie kilikanyaga chake, kikabaki hapo.

"Mume wangu anakula," Verlie alimwambia yule mwanamume, akitabasamu.

Mwanamume aliangalia koti jeusi, akaangalia sahani. "Oo. Basi ukimwona mwenzako."

"Nitamwambia," Ovide alisema. Masikio yalimwaka. Alikata kipande cha samaki, akakitafuna, hakujua ladha yake.

"Kaa huyu," Verlie alisema, kama vile hakuna kilichotokea, "uliniambia miguu yake inavunjika kama karatasi. Hukuniambia kwamba ndani kuna maji ya bahari. Miaka yote hiyo, Ovide. Ukanificha hilo."

"Sikujua. Sikuwahi kumla akiwa moto."

Verlie aliacha kutafuna. "Hata wewe?"

"Tulikula yaliyobaki, tumesimama. Yakifika kwetu yamepoa."

Alikata nusu ya kaa wake akamwekea kwenye sahani. "Kula," alisema. Ovide alikula, na goti likatulia kwa muda.

*

Pudini ya mkate ilifika na mchuzi wake wa wiski. Verlie alikuwa amechukua kijiko na bado hajakitumbukiza, pale kitoroli cha fedha kilipojitokeza kando ya meza yao. Juu yake palikuwa na bakuli la shaba, chupa ya brandi, na chungwa moja lililochomekwa karafuu, ganda lake likisubiri kisu. Meneja, mwanamke kijana mwenye kalamu nywelini, ndiye aliyekisukuma. Prescott alikuwa pembeni yake.

"Ovide," Prescott alisema. "Tuko tayari. Hajagusa kitu."

Verlie alitazama kitoroli, kisha mumewe. "Tayari kwa nini?"

Ukumbi ulikuwa na kelele nyingi, lakini Ovide alisikia kila neno lake mwenyewe. "Alitaka niiwashe kahawa. Nilimwambia tutaona."

"Tutaona," Verlie alirudia. Neno hilo alilijua. Alikuwa amelisikia likiambiwa simu, likiambiwa kalenda, likiambiwa yeye.

Hakupandisha sauti. Aliitazama pudini yake. "Sikia, Baba Solange," alisema. "Paa naliona hata mimi. Nikiweka kijiko hiki chini sasa hivi, utakuwa huru, na sitakuja kukulaumu. Nimekula vizuri." Na akaanza kukishusha kijiko kuelekea kwenye kitambaa cha meza, kikiwa bado kisafi.

Ovide alinyoosha mkono akamshika kifundo cha mkono.

"Usiweke. Hujaonja."

"Ovide, ni dakika tano," Prescott alisema.

"Najua ni dakika ngapi, Bwana Prescott." Ovide alimgeukia. "Sikukujibu sawasawa jana. Kosa langu. Nilipaswa kusema hapana, nikasema tutaona. Leo nimekuja kula na mke wangu. Akimaliza nitakuja kumsalimia mama."

"Akimaliza, mama atakuwa ameondoka. Anachoka." Prescott aliinama karibu. Hakuwa na hasira; alikuwa amechoka pia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nilisema na watu kwa ajili yako. Siwezi kusema nao mara ya pili. Unaelewa?"

Meneja alikuwa anaangalia saa. Ovide aliangalia bakuli la shaba. Alilijua bonyeo lake la upande mmoja. Yeye ndiye aliyeliangusha, mwaka Solange alipozaliwa. Ijumaa zake zote zilikuwa mle. Mkono wake bado ulikuwa kwenye kifundo cha Verlie, na alihisi mapigo ya damu yake pale.

"Ninaelewa," alisema.

"Junius," meneja aliita, akageuza kitoroli.

Verlie hakusema asante. Alitumbukiza kijiko.

Junius alimenya chungwa mpaka ganda likaning'inia kama utepe. Aliinua upawa, akawasha, mto wa moto wa buluu ukateremka kwenye ganda, lakini aliinamisha upawa haraka mno na moto ukakatika katikati. Chini ya meza namba kumi na tisa mkono wa Ovide ulikuwa unazunguka polepole, ukiinua upawa usiokuwepo. Junius alijaribu tena. Safari hii moto ulifika chini, karafuu zikameta nyekundu moja baada ya moja, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Kikombe kiliwekwa mbele ya Bi Lenore.

"Asante sana," alisema kwa sauti ya wazi ya mtu asiyesikia vizuri. "Nitamngoja Ovide."

Jamaa zake walimngojea kidogo, wakambusu, wakamvalisha shali. Njia ya viti vya magurudumu ilikuwa ya mlango wa pembeni, ikipita mbele ya jikoni. Muuguzi alimsukuma taratibu kati ya meza, akasimama kupisha sinia, na Bi Lenore akajikuta uso kwa uso na Ovide, macho yao yakiwa kimo kimoja.

Magoti ya Ovide yalikaza. Alishika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili.

"Heri ya siku ya kuzaliwa, Bi Lenore," alisema, na akainamisha kichwa akiwa ameketi.

Bikizee alimtazama kwa adabu. Alitazama tai ya zambarau, akatazama gauni. Usoni mwake hapakuwa na kitu ila ukarimu.

"Asante, bwana," alisema. "Mke wako amependeza."

Muuguzi alimsukuma. Mlangoni walimsikia akiuliza, "Ovide hakuja leo?" na mlango ukajifunga.

Prescott alipita nyuma yake. Alisimama kana kwamba anataka kusema kitu, akamwinamia Verlie kidogo, akaenda.

Verlie alishika kijiko hewani. "Hakukujua."

"Hajawahi kuniona nimekaa."

"Ungesimama angekujua."

"Najua."

Verlie alirudi kwenye sahani. Pudini ilikuwa imebaki nusu, na hakuna aliyekuwa anamharakisha, ila kila kitu kilikuwa kinamharakisha mumewe: mlango wa jikoni uliofunguka na kujifunga mgongoni mwake, glasi iliyopasuka, ule uma ambao bado ulikuwa sakafuni, yule bwana wa barafu ambaye sasa alikuwa anatafuta bili. Ovide alitoa jasho. Alikunja kitambaa chake mara nne, akakikunjua.

"Ikoje?" aliuliza.

"Mkate ni uleule."

"Na yako?"

"Yangu ina zabibu zaidi. Lakini hii nimeletewa." Alichota tena, akatafuna. "Tutamwambia nini Solange?"

"Kwamba nimekaa."

"Atasema tumerukwa na akili. Na mvua ni Jumatatu."

"Beseni tunalo," Ovide alisema. "Na sasa nina muda wa kupanda ngazi mwenyewe. Nitalikaza lile turubai kesho, kabla hujanikataza."

"Nitakukataza."

"Ndiyo maana nimesema kabla."

Verlie alicheka kwa pua, mdomo umejaa. Alikusanya mchuzi wa pembeni kwa mgongo wa kijiko, akaukokota mpaka katikati, akautwaa pamoja na kipande cha mwisho cha mkate. Alikiweka mdomoni. Akafumba macho. Junius alikuwa amesimama kwenye kabati la vyombo, kitambaa begani, hafanyi kitu.

Ndipo akakilaza kijiko kwenye sahani, taratibu, kikatoa sauti ndogo.

Ovide alisimama. Alizunguka meza, akapita nyuma ya mkewe, akamvutia kiti.